Mikebe Ishirini Malishoni

3 Juni

Fundi wangu,

Kabla hujauliza, tuko wazima. Goti la mzee wangu limepona, sasa anatembea vizuri kiasi cha kunifuata jikoni akitafuta bisibisi zake. Paka amezaa ndani ya sanduku la redio mbovu, kwa hiyo redio hiyo haitatengenezwa tena, na mimi nimeshukuru. Wewe je? Bado unakaa na yule mshonaji anayeimba bafuni? Msalimie, na umwambie majirani nao wana masikio.

Simu huku usiihesabu. Ukitaka ishike mtandao lazima upande juu ya tangi la maji, na mimi kwa umri huu sipandi kitu chochote. Barua nampa dereva wa gari la maziwa, na zako ananiletea yeye kutoka posta.

Sasa kaa kwenye kiti. Kamati ya mfereji imekutana, imekunywa chai, imeamua. Zamu yangu ya maji imekatwa kutoka siku mbili kwa wiki hadi siku moja. Nilikuwa najaza bwawa siku mbili, pampu inavuta wiki nzima, maisha yanakwenda. Sasa bwawa litakuwa nusu. Jirani yangu wa juu, yule muuza mbao, alikuwa na siku nne, kabakiwa na mbili, na bado analalamika kuliko mimi.

Nina ng'ombe kumi na mmoja, mwanangu. Majani yakikauka maziwa hakuna, na majani ya kununua siwezi. Mwenyekiti wa kamati alinishauri mbele za watu niuze nusu. Nilimkazia macho mpaka akavua miwani akaanza kuifuta. Hawa ng'ombe nimewazalisha mama zao kwa mikono hii. Mapozi nilimnyonyesha kwa chupa wiki sita, sebuleni, juu ya zulia. Nikiwauza nitaamka asubuhi nifanye nini?

Wewe ndiye mtu wa mabomba katika ukoo huu. Niambie kama nusu ya maji inaweza kulisha malisho yale yale. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama haiwezekani, sema haiwezekani.

Shangazi yako

*

19 Juni

Shangazi mpenzi,

Barua yako nimeisoma kazini nimesimama, nimecheka peke yangu mbele ya mteja. Mimi mzima. Mshonaji anakusalimia na anasema ukija atakuimbia bure. Chumba chetu sasa kina pazia jipya, alilikata kutoka kwenye gauni la bibi harusi aliyebadili mawazo. Karakana kazi ni nyingi. Bosi bado anagonga kila bomba kwa pete yake kabla ya kulinunua, akitega sikio kama daktari.

Nakujibu waziwazi: inawezekana, tena wafugaji wengi wanamwaga maji mara mbili ya yanayohitajika. Lakini siwezi kukushauri bila kujua vinyunyizio vyako vinatoa kiasi gani, na vinatoa wapi. Nakuomba ufanye hivi. Tafuta mikebe ishirini ya saizi moja. Ipange kwenye majani kwa mstari, kutoka kinyunyizio cha juu karibu na pampu hadi cha chini kabisa kwenye uzio. Washa pampu muda wa saa mbili, zima. Kisha ingiza rula ndani ya kila mkebe, uandike maji yamefika milimita ngapi. Basi. Hata mzee anaweza kukusaidia, mradi asishike bisibisi.

Halafu niambie: kila eneo unalimwagilia muda gani, na unajuaje kwamba yametosha?

Mwanao,
Fundi

*

8 Julai

Fundi wangu,

Salamu zako zimefika. Watoto wa paka ni wanne, mmoja ana macho ya mwenyekiti wa kamati.

Mikebe tumeipata, ile ya maziwa ya unga aliyokuwa nayo mzee ya kuwekea misumari. Misumari imebaki sakafuni, lakini ndoa ni kuvumiliana. Tumepanga ishirini kwa mstari, tumewasha pampu saa mbili kamili kwa saa yake ya mkononi, tumezima. Na matokeo, mwanangu, utafurahi! Mkebe wa kwanza milimita kumi na nne. Wa pili kumi na nne. Wa ishirini, kule uzioni, kumi na nne. Yote! Mzee amesimama katikati ya malisho amepiga saluti. Vile vinyunyizio anavitunza mwenyewe miaka yote, akasema hata serikalini hakuna kama hivi.

Kila eneo nalimwagilia muda wa saa nane. Najuaje yametosha? Naona maji yametiririka yamefika chini uzioni, basi nazima. Ndivyo baba yako alivyokuwa akifanya, na mimi nilimrithi.

Ng'ombe wazima, maziwa lita tisini na tisa kwa siku. Fanya haraka, kiangazi kinaanza kunoa meno.

Shangazi yako

*

20 Julai

Shangazi,

Hapa wote tumefurahi! Karatasi yako nilimwonyesha bosi, akaibandika ukutani karibu na saa. Aliniuliza mara mbili kama mikebe ilikuwa malishoni kweli. Nikamwambia shangazi yangu hajawahi kudanganya mtu hata kuhusu umri wake.

Mambo yenyewe ni mepesi. Kumi na nne kwa saa mbili maana yake muda wa saa nne unakupa ishirini na nane, na hicho ndicho kinachotosha majani kwa wiki. Saa nane ulikuwa unamwaga bure. Kata nusu. Kila eneo saa nne, funga, hamia jingine. Bwawa lako la siku moja litatosha, na ng'ombe wote kumi na mmoja watabaki. Mwambie mwenyekiti aendelee kufuta miwani.

Bosi amesema huenda akanipa kitengo cha umwagiliaji. Tuombe Mungu.

Mwanao,
Fundi

*

16 Agosti

Mwanangu,

Hongera kwa hicho kitengo. Sisi hatujambo.

Tumefanya kama ulivyosema. Saa nne, tunafunga. Majani ya juu karibu na pampu ni mazuri, mabichi kabisa. Ya chini yamebadilika rangi kidogo, hasa kule uzioni, lakini usijali, labda ni upepo. Maziwa yamekuwa lita sabini na mbili. Ng'ombe nao wana siku zao.

Mzee anasema tungoje. Mimi nangoja.

Shangazi yako

*

27 Agosti

Shangazi,

Barua yako imenifikia leo saa tano na hii naiandika saa tano na robo, kwa hiyo samahani kwa salamu fupi.

Wewe huandiki "usijali" hivi hivi. Lita ishirini na saba zimepotea! Tafadhali nijibu kwa ukweli mtupu: ile mikebe, kabla ya kupima, kuna mtu aliigusa? Uliongeza, ulipunguza, uliihamisha?

Nina la kukiri. Tangu Julai nilijua. Hapa uwanjani kwetu tunapima vinyunyizio vipya kabisa, vimetoka kwenye boksi, na mikebe hailingani hata siku moja. Vyako vina miaka kumi na mitano. Niliona haiwezekani, nikanyamaza, kwa sababu bosi alikuwa amesimama nyuma yangu anasifu na mimi nilikuwa natabasamu kama mjinga. Nilipenda sifa kuliko ng'ombe wako. Nisamehe.

Mpaka ujibu, rudisha saa nane kwenye maeneo ya chini, hata kama bwawa litakauka. Usiuze ng'ombe. Nakuomba, usiuze hata mmoja. Tutapata njia.

Mwanao

*

25 Septemba

Fundi wangu,

Barua yako ya Agosti nimeipata jana. Gari la maziwa liliharibika injini, likalala gereji wiki tatu na nusu, na barua yako ikalala humo humo chini ya kiti, na dereva akawa anakuja na gari la kuazima, ananiambia kila siku "hakuna kitu, mama". Nimemwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa. Akaniomba msamaha mpaka nikamwonea huruma nikampa chai.

Sasa mikebe. Nakwambia, na usicheke. Niliisawazisha.

Miaka thelathini na moja mimi napima maziwa. Ndoo zikijaa, yenye maziwa mengi namimina kwa yenye machache, ili kila chombo kiende na haki yake, asije mteja akasema shangazi kampunja. Nilipoiona ile mikebe, huyu amejaa, mwenzake ana tone, mkono ulikwenda wenyewe. Nilidhani ndiyo kazi yenyewe! Nilidhani unataka kujua jumla, na wewe hukuniambia niache ilivyo. Mzee alinisaidia kwa kikombe, tena kwa uangalifu mkubwa.

Leo asubuhi nimepanga upya, na mikono nimeifunga nyuma kama mfungwa. Matokeo haya: mkebe wa kwanza milimita ishirini na sita. Wa kumi, kumi na tano. Wa ishirini, tatu. Tatu tu, mwanangu. Majani ya chini nimeyatesa kwa kiu kwa mkono wangu.

Na nimegundua jingine. Mzee kumbe kila nozeli, ule mdomo wa kinyunyizio, ikiziba anaichokonoa kwa msumari. Zile za karibu na pampu ndizo anazozifikia kirahisi, amezichokonoa mpaka matundu yamekuwa kama macho ya bundi. Maji yote yanatokea hapo, huku chini hayana nguvu. Zamani nilipokuwa nafungulia saa nane, ya ziada yalikuwa yanateremka yenyewe mpaka uzioni, ndiyo maana hatukujua. Nilipomweleza akanikabidhi msumari wenyewe.

Kuhusu kunyamaza kwako, nimesikia na nimekusamehe, na nikikukuta nitakufinya sikio. Tufanyeje sasa? Ng'ombe wanaendelea.

Shangazi yako

*

6 Oktoba

Shangazi,

Nimecheka nikalia, nikalia nikacheka. Mshonaji akaja mbio na mkasi mkononi akidhani nimefiwa. Mzee kwa kikombe! Ni kosa langu kabisa. Nimefundisha mafundi sita hapa kupima, wote nimewaambia "msiguse mikebe", na mtu wangu mwenyewe nikamsahau.

Karatasi ile ukutani nimeibandua. Bosi aliuliza, nikamwambia yote. Hakukasirika, alicheka mpaka akakaa, akasema katika kazi yake yote hajaona mkulima aliyetafuta wastani wa shamba zima kwa kikombe cha chai. Kitengo amempa mwingine kwa sasa. Ni sawa. Nisingeweza kukaa kwenye kile kiti.

Kwenye kifurushi hiki kuna nozeli kumi na sita, zote tundu moja. Badilisha zote siku hiyo hiyo, usiache hata moja ya zamani. Kuna raba pia za viungo vya bomba. Tembea kando ya bomba pampu ikiwaka, palipo na tope bila sababu ndipo panapovuja, badilisha raba hapo. Mwagilia alfajiri upepo ukiwa umelala, si mchana, maana mchana nusu yanapeperuka kwa jirani. Nozeli ikiziba, mzee atumie mswaki na maji. MSWAKI.

Na uache kungoja maji yafike uzioni. Chukua beleshi, chimba shubiri moja, kamata udongo uuminye. Ukishikana donge, usimwagilie. Ukimomonyoka mkononi, washa pampu. Chimba juu, katikati na chini, usiamini rangi ya majani peke yake.

Ng'ombe "wanaendelea" vipi? Hukuniambia lita.

Mwanao,
Fundi

*

4 Novemba

Fundi wangu, fundi wa mafundi,

Tuko wazima mno! Mzee amenunua mswaki mmoja wa nozeli na mmoja wake, ameandika majina, maana aliwahi kuichanganya.

Nozeli zimekaa. Viungo vitatu vilikuwa vinavuja, kimoja kilikuwa kinatengeneza dimbwi ambalo bata wa jirani walikwisha kulifanya makazi. Tumepima upya, mkono nyuma. Mkebe wa juu kumi na sita, wa chini kumi na mbili. Huku kwetu hiyo ni ndoa ya kanisani! Kila alfajiri natoka na beleshi langu, naminya udongo kama naminya unga. Mara mbili sasa nimekwenda kuwasha pampu, udongo ukaniambia bado, nikarudi kulala. Bwawa la siku moja linabaki na maji, unasikia? Linabaki!

Uzioni majani yamefika magotini. Ng'ombe wananona, kila mmoja anatoa lita kumi kwa siku, hajawahi kutoa hivyo. Jana tumepeleka lita themanini. Mwenyekiti kapita na baiskeli, kapunguza mwendo, kaangalia, kaondoka bila salamu. Hiyo kwangu ni salamu tosha.

Shangazi yako

*

15 Novemba

Shangazi,

Tunakushangilia hapa, mimi na mshonaji.

Lakini mimi ni mtu wa hesabu na wewe unajua. Kila mmoja lita kumi, jumla themanini. Hao ni ng'ombe wanane.

Watatu wako wapi?

Mwanao

*

2 Desemba

Mwanangu,

Hapa sisi wazima, na barua hii isome umekaa.

Niliwauza. Tarehe sita Septemba, Mapozi, Madoa na Bi Mkubwa. Majani ya chini yalikuwa yamekwisha, maziwa yameshuka hadi lita sitini, barua yako haijafika, na Bi Mkubwa alikuwa ameanza kula kamba ya kuanikia nguo. Nilimwita muuza mbao, akawachukua siku hiyo hiyo. Niliposoma baadaye "usiuze hata mmoja" nilikaa jikoni mpaka chungu kikaungua. Sikukuambia kwa sababu ungesema ni kosa la barua, au la kwako, na kumbe aliyesawazisha mikebe ni mimi. Nilitaka ufurahie majani. Nilitaka angalau mmoja wetu afurahi.

Mwanangu, nilikuwa nakwenda alfajiri na beleshi langu, naona majani mazuri vile, nahesabu nane, nahesabu tena. Nilikuwa na majani ya ng'ombe kumi na mmoja. Hakuna jambo lililoniuma kama hilo tangu kumzika baba yako.

Sasa sikiliza. Jumatatu nimetoka kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka, nikahesabu, nikapata kumi na mmoja. Nikajua nimeanza kuchanganyikiwa. Nikahesabu kwa kugusa migongo. Mapozi akanigeukia akanilamba mkono wenye beleshi. Walikuwa uzioni kule chini, vichwa viko kwenye majani, hawana habari na mtu. Muuza mbao mzima, uzio wake umeoza! Wameuegemea ukaanguka, wakashuka kando ya mfereji kilomita nzima, wakaingia kwa mlango mdogo ambao mzee huwa haufungi.

Mwenyewe alikuja saa mbili, kavaa viatu vya mjini, jasho linamtoka.

"Ng'ombe wangu wako kwako," akasema.

"Sikuwaita."

"Najua hukuwaita." Akasimama katikati ya majani yangu, akainama, akang'oa konzi moja, akayanusa. "Mimi nina siku mbili za maji na kwangu ni tope huku, vumbi kule. Wewe una moja. Unafanyaje?"

"Ninaminya udongo."

Akanitazama kama namtania. Nikampeleka, nikachimba, nikamwekea donge mkononi. Alikaa nalo muda mrefu, mwanangu, viatu vile vimechafuka na wala hakujali. Kisha akasema, mzee wangu akiwa shahidi, kwamba ng'ombe wamechagua na yeye hagombani na ng'ombe. Wakae hapa. Siku moja kati ya zamu zake mbili ifunguliwe kuingia bwawani kwangu, kamati atazungumza nayo mwenyewe. Maziwa ya asubuhi ya wale watatu ni yangu, ya jioni ni yake. Na nikiwa na nafasi nikamfundishe kwake kule juu.

Nikamwambia nitafikiria. Alipoondoka tu nikakaa chini kwenye majani mabichi nikalia kwa sauti, mzee akanikuta, akakaa naye, akaanza kulia bila kuuliza ni nini. Nakwambia mwenyewe ili usije ukasikia kwa dereva.

Huyo anapiga honi nje sasa hivi, ana haraka zake. Angoje. Bado nina ng'ombe watatu sijawakamua.

Shangazi yako